Kilichohama Google Reader ilipofungwa

Machi 13, 2013 Google ilitangaza kwamba itaifunga Google Reader, na Julai 1 ikaifunga kweli. Programu hiyo, iliyoanza mwaka 2005, ilimkusanyia mtu makala mpya za kila tovuti aliyoichagua na kumwekea mahali pamoja. Chukua msomaji wa Musoma aliyefuatilia magazeti ya Dar es Salaam pamoja na maandishi ya Madaraka Nyerere, aliyekuwa akiandika kwenye Blogspot kutoka Butiama: alipewa miezi mitatu na nusu kutafuta pa kwenda. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya mrithi. Je, ni Feedly, NewsBlur, The Old Reader au Digg? Naona mjadala huo ulianzia pabaya. Waliohama salama hawakuokolewa na ubora wa walikokwenda, bali na umbo la kile walichokibeba.

Mlisho, au RSS kama wengi wanavyouita, ni faili ambalo tovuti yenyewe hulitoa, lenye vichwa vya makala, tarehe, viungo na mara nyingi maandishi yote. Reader haikumiliki milisho hiyo. Ilipita kwenye tovuti na kuichota. Alichokuwa nacho msomaji ni orodha ya anwani, na Google iliruhusu orodha hiyo ipakuliwe kupitia Takeout, huduma yake ya kumpa mtu nakala ya data zake, katika faili moja, subscriptions.xml, lililoandikwa kwa mpangilio wa OPML. Ukilifungua hata kwa Notepad unalisoma: kila tovuti ina mstari wake, na ndani ya mstari huo kuna jina, anwani ya ukurasa ambao watu huufungua, na anwani ya mlisho, ambayo kwa tovuti ya Blogspot huishia na /feeds/posts/default. Orodha ya tovuti mia haifiki hata MB moja, kwa hiyo mtu aliyetumia kompyuta ya intaneti kafe angeweza kujitumia kwa barua pepe akaondoka. Blogspot nayo ni ya Google, lakini haikuguswa, na mlisho wa Butiama uliendelea kutoka palepale. Kilichokatika ni kipande cha katikati tu.

Si kila kitu kilitoka, na hapa ndipo sifa za kuhama kule zilipopitiliza. Mlisho hubeba makala za karibuni tu. WordPress isipobadilishwa hutoa 10, Blogspot 25. Reader ilikuwa ikihifadhi zilizopita kwa miaka, zikiwemo za tovuti ambazo zenyewe zilikwishakufa. OPML haibebi makala, hubeba anwani, kwa hiyo kumbukumbu hiyo ilibaki nyuma na kufutwa. Watanzania walikuja kuuona mpaka wa namna hiyo Machi 2017, TCRA iliporuhusu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba: namba inakwenda nawe, salio la fedha kwenye simu haliendi. Anayehama lazima ajue mapema kipi ni namba na kipi ni salio.

Atasema mtu kwamba haya ni mambo ya wachache, kwa kuwa Bunda nzima habari hupitia WhatsApp na Facebook. Kweli, na sidhani hilo litabadilika. Lakini wingi wa watumiaji haujibu swali la kutoka. Chaneli unazozifuata WhatsApp haziwezi kuandikwa kwenye faili ambalo programu ya kampuni nyingine italisoma na kukuendelezea ulipoishia. Siku huduma hiyo ikizima, au akaunti yako ikifungiwa, unaanza kutafuta chanzo kimoja kimoja. Linganisha na waliokimbilia Digg Reader mwaka 2013: nayo ilifungwa Machi 2018, baada ya kama miaka mitano tu, na walichofanya ni kutoa faili lilelile na kulipeleka kwingine. Walikuwa wamechagua vibaya, na hasara yao ilikuwa ndogo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba faili hilo halina msaada chanzo chenyewe kikinyamaza. Mwaka 2018 Kanuni za Maudhui Mtandaoni ziliwataka wenye tovuti za habari na blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na baadhi yao wakaona heri kuacha. Hapo anwani kwenye orodha huita pasipo mtu. Hili halina jibu ndani ya OPML. Jibu lake ni kuhifadhi nakala ya makala zenyewe unazozihitaji, kazi ambayo programu nyingi za kusomea milisho huifanya kwa muda tu.

Kwa anayechagua leo akiwa na simu janja na bando la siku, kuna aina mbili. Ya kwanza hutumia seva ya kampuni: seva inapita kwenye tovuti zote, simu inapokea yaliyo tayari, MB zinaokolewa, lakini unategemea tena mtu wa kati. Ya pili, kama Feeder ya Android, huufuata kila mlisho yenyewe. Hofu ya kula bando ni kubwa kuliko ulaji wenyewe, maana tovuti iliyowekwa sawasawa ikiulizwa kama kuna jipya hujibu kwa msimbo 304, yaani hakuna kilichobadilika, na haitumi faili upya. Picha ndizo zinazokula, nazo huweza kuzimwa. Aina yoyote utakayoichukua, anza na tovuti tatu, toa OPML siku hiyohiyo, kisha iingize kwenye programu nyingine kabisa. Zote tatu zikitokea, ongeza zilizobaki.