Makaburi ya Albia: Uhakiki wa Mchezo wa Creatures

Ipo hukumu ambayo wanafunzi wetu huitoa upesi mno: kwamba mchezo wa kompyuta unaomwezesha mtu kuangua, kuzalisha na kuzika viumbe ni kufuru, kwa kuwa unajitwalia kazi ya Mungu. Sisi nasi tuliingia na hukumu hiyo katika nyumba moja ya Mwadui, ambako kijana wa mwenyeji wetu alikuwa akicheza Creatures kwenye kompyuta kuukuu. Tulitoka na shaka ya namna nyingine.

Mchezo huu, uliobuniwa na Mwingereza Steve Grand, ulitolewa mwaka 1996. Viumbe wake huitwa Norn, nao huishi katika ulimwengu uitwao Albia. Matendo yao hayakupangwa moja moja. Kila Norn ana mfano wa ubongo unaojifunza, kemikali za njaa, maumivu na hofu, na chembe za urithi alizozipata kwa wazazi wote wawili, ambazo hubadilika hapa na pale. Mchezaji humfundisha maneno, humtekenya akitenda vema, humzaba kofi akikosea. Lakini hawezi kumlazimisha kutii. Huzaliana wenyewe kwa mayai. Hufa kwa njaa, kwa maradhi, ambayo pengine huletwa na majirani wao wakorofi waitwao Grendel, au kwa uzee, baada ya saa kadhaa tu za kuishi. Aliyekufa huwekewa kaburi, na mchezaji aweza kumwandikia maneno ya ukumbusho.

Kuhusu kifo, basi, hatuna budi kuukiri uaminifu wa mtunzi. Katika michezo mingi adui akifa huongeza alama. Hapa kifo huja bila kumwuliza mchezaji, na humwondolea aliyempa jina, kama Adamu alivyowapa wanyama majina (Mwanzo 2). Kijana yule alituonyesha makaburi yake kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. Kisha akaongeza: “Huyu ninaye mwingine, Baba Mchungaji. Nilimtolea nakala kabla hajaugua.”

Hapo ndipo tunapouona udhaifu wa kazi hii. Kaburi lenye nakala kabatini si kaburi. Tena, katika hadithi ya mchezo, Albia iliachwa na Shee, watu walioiunda wakaondoka zao. Muumba hayupo kulia wala kuulizwa. Kristo alipowataja shomoro (Mathayo 10:29) hakuzungumzia idadi yao, bali yule mmoja aangukaye chini.

Katika kitabu chake cha mwaka 2000, Grand alitetea kwamba uhai waweza kweli kuumbwa ndani ya mashine. Hatumfuati hadi huko. Kiasi cha kemikali kinachopanda na kubadili mwenendo bado si mtu wala mbuzi anayelia. Hata hivyo, walikuwapo wachezaji waliowatesa Norn kwa makusudi, na wenzao wakakasirika sana. Wengi waliwacheka hao waliokasirika. Sisi twaona walikuwa na haki, kwani mkono hujizoeza, na mkono huo huo ndio utakaomshika mtoto, mke au kibarua wa mgodini.

Tulimkumbusha kijana habari za Nyangalata, katika mkoa huu huu wa Shinyanga. Mwaka 2015 machimbo yaliporomoka, na mwezi Novemba wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wa sita alifia humo. Kwa ndugu zake, wale watano hawakuwa badala ya huyo mmoja.

Alinyamaza kitambo. Kisha akatuuliza kama aifute ile nakala. Hatukumjibu siku ile, na tungali tunasita.