Panga za Klingenthal

Upanga wa wapanda farasi wa Ufaransa waliovaa dirii, enzi za Napoleon, ulikuwa mnyoofu, wenye bapa la karibu sentimita 97. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchoma, kukata kulifuata. Nyingi zilifuliwa Klingenthal, Alsace, kwenye kiwanda cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1730 kwa mikono ya mafundi kutoka Solingen.

Ustadi wao unastahili heshima. Kila upande wa bapa una mifereji miwili myembamba inayopunguza uzito huku chuma kikibaki kigumu. Mgongoni pamechongwa, kwa herufi za mlazo zinazohitaji jicho kusogezwa karibu, jina la kiwanda, mwezi na mwaka. Vitawi vya shaba kwenye mpini hukinga vidole.

Wakati wa kushambulia, kikosi kilianza taratibu, goti kwa goti, kisha kikaongeza mwendo. Mpanda farasi alinyoosha mkono, ncha ikitangulia, na nguvu ya pigo ikatoka kwa farasi mwenyewe. Katika vita vya Waterloo, mwaka 1815, wapanda farasi wa Ufaransa chini ya Marshal Ney walivamia miraba ya askari wa miguu wa adui tena na tena, lakini farasi walikataa kujitupa kwenye singe.