Suruali ya Mtumba na Mtumishi Asiyechoka

Msomaji, ukienda kununua suruali ya mtumba katika soko la Githurai 45, huna budi kuigeuza ndani nje kabla ya kutoa fedha. Utavuta zipu, utatia mkono mifukoni, utainua kitambaa kwenye mwanga uone kama kina tundu. Ukisharidhika, ndipo utakapomwendea fundi wa cherehani akupunguzie urefu. Hata mtoto wa mtaa huu, uliopata jina lake kwa nambari ya njia ya basi, anajua kwamba kitu kilichotoka kwa mwingine hakiaminiwi mpaka kichunguzwe. Lakini yuko mvumbuzi mmoja wa Kiingereza, jina lake Wallace, asiyelijua jambo hilo. Na kutojua kwake kumewachekesha walimwengu tangu mwaka 1989.

Wallace si mtu wa damu na nyama. Ni kinyago cha udongo laini, kilichobuniwa na Nick Park na kukuzwa katika kampuni ya Aardman, mjini Bristol. Kinyago hakiendi chenyewe. Fundi hukisogeza kidogo sana, akapiga picha. Hukisogeza tena, akapiga nyingine. Katika sekunde 1 ya sinema hupita picha 24. Basi fikiri ni subira ya namna gani inayotakiwa ili kinyago kinywe kikombe kimoja cha chai. Wallace hukaa na mbwa wake Gromit, asiyesema neno lakini mwenye akili kumshinda bwana wake. Kati ya filamu zao, nataka tuzipime mbili.

Ya kwanza ni The Wrong Trousers ya mwaka 1993, yenye urefu wa nusu saa hivi. Siku ya kuzaliwa kwa Gromit, Wallace anamletea zawadi ya suruali ya mitambo, iliyokwisha kutumika katika shirika la Marekani la safari za anga. Naam, ni suruali ya mtumba! Kazi yake ni kumtembeza mbwa ili bwana apumzike. Kisha anaingia nyumbani mpangaji, ndege pengwini mwenye macho makavu, kumbe ni mwivi. Anaibadili mitambo ya suruali, na usiku mmoja Wallace, akiwa usingizini ndani ya suruali hiyo, anatembezwa mpaka jumba la makumbusho kuiba almasi.

Ya pili ni Vengeance Most Fowl, iliyoongozwa na Park pamoja na Merlin Crossingham, na kuonyeshwa Uingereza siku ya Krismasi mwaka 2024. Safari hii Wallace anaunda sanamu ya bustani iendayo na kusema, aiitayo Norbot, ili imsaidie Gromit kulima. Sanamu haichoki wala hailalamiki. Inafyeka maua ambayo Gromit ameyalea kwa mapenzi, na kuyaacha yote sawasawa kama yaliyokatwa kwa rula. Majirani wanasifu, Gromit ananyamaza na moyo wake unavunjika. Naye pengwini yule yule, kutoka kifungoni, anaingia kwa siri katika kompyuta ya Wallace na kuigeuza tabia ya sanamu kutoka wema hadi uovu.

Watazamaji wengi husema kwamba filamu hizi zinacheka mashine zilizoharibika. Mimi sikubali. Zitazame tena. Suruali haikuharibika, ilitembea vizuri mno. Norbot naye hakuharibika. Alitii kila neno, kwanza la bwana, kisha la mwivi. Kilichoharibika ni utu wa Wallace, maana aliipa mashine kazi iliyokuwa yake mwenyewe. Kumtembeza rafiki si mzigo wa kutuliwa. Ndio urafiki wenyewe. Wallace ameunda hata mtambo wa kumpapasa mbwa wake kichwani! Kicheko hutoka hapo, na uchungu hutoka papo hapo.

Linganisha na fundi wa cherehani. Mguu wake ukisimama juu ya pedali, cherehani nayo husimama. Mashine hiyo humwongezea fundi nguvu bila kumwondoa mahali pake. Norbot hana pedali ya namna hiyo. Ndiyo sababu mwivi alipata nafasi.

Walakini si haki kusifu tu. Filamu ya mwaka 2024 ina dosari, nayo si ndogo. Ndani ya Norbot pana mahali pa kuchagua wema au uovu. Nani alipaweka hapo? Ni Wallace mwenyewe. Filamu yalifanyia mzaha swali hilo na kupita mbio. Lawama yote inamwangukia pengwini, na sanamu zinapogeuzwa tena kuwa njema, mvumbuzi husamehewa upesi. Filamu ya mwaka 1993, ingawa fupi, ni kali zaidi: humo Gromit anafungasha virago vyake na kuondoka nyumbani usiku, nasi twaona wazi bei ya zawadi ile.

Hata hivyo, mwisho wa filamu ya pili waponya mengi. Wallace anauacha mtambo wake na kumpapasa Gromit kwa mkono. Tendo hilo dogo lina uzito kwa sababu ya jinsi filamu ilivyotengenezwa. Ukitazama vema, utaona mara nyingine alama za vidole vya mafundi katika udongo. Gromit hana mdomo. Huzuni yake yote imo katika paji la uso, lililobonyezwa na kidole cha mtu. Hivyo kazi yenyewe ni ushahidi wa maneno yake: pendo halipiti ila kwa mkono uliochoka.

Basi, msomaji kijana, utaishi miaka ya mashine nyingi kuliko sisi, na nyingi zitakufaa. Usizikimbie. Lakini zigeuze ndani nje kama suruali ya mtumba, na uulize maswali mawili: Nani awezaye kuisimamisha? Na je, kazi hii inayonipunguzia ni mzigo, au ni mwenzangu anayeningojea nje nikatembee naye?