Mpe Furukombe Nafasi

Picha yangu ya kwanza ya furukombe ninayo hadi leo, na siionyeshi mtu. Mabawa meusi yametoka vizuri, tumbo la hudhurungi halina kasoro, ila kichwa hakipo. Pana doa jeupe kama karatasi, na mdomo umechomoza humo bila mwenyewe.

Kamera haikukosea. Kipimo chake cha mwanga hakijui ndege wala maji. Kinataka kukifanya kila kitu kiwe cha wastani, si cheusi si cheupe. Kilipoona mabawa yale, na nyuma yake mafunjo yenye kivuli, kiliongeza mwanga, na kichwa kikaungua. Giza la manyoya unaweza kulifumbua baadaye kwenye kompyuta, lakini weupe ulioungua haurudi. Basi siku hizi napunguza mwanga kwa stopu moja, nakagua kichwa, ndipo nauliza habari za mwili.

Hayo nilijifunzia Ziwa Naivasha, ambako maji yalipopanda yaliua migunga ikiwa imesimama, na furukombe wakaifanya baraza yao. Jua la karibu na ikweta halina subira. Huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu limeshakuwa kali, kivuli cha paji kimefunika jicho. Na picha ya ndege asiye na jicho ni picha ya manyoya tu.

Mengine alinifundisha nahodha wa boti. Wapo wanaopiga mluzi na kurusha samaki ili furukombe ashuke. Mzee huyu alizima injini. Akaiweka boti upepo na jua vikiwa mgongoni mwetu, maana ndege huruka akiukabili upepo.

"Atatujia usoni, kijana wangu. Ngoja anye kwanza."

Nikacheka. Haukupita muda, ndege akainama, akanya, akajirusha. Nikabonyeza, kasi ikiwa sehemu moja ya 2000 ya sekunde, na kila unyoya ukaganda mahali pake.

Jioni nikagundua kosa jingine: nilikuwa nimembana. Ncha ya bawa imekatwa, mdomo umegota ukingoni mwa picha. Lenzi ndefu ina tamaa, hutaka kujaza kila pembe. Tangu hapo naacha mbele ya mdomo uwazi mkubwa kuliko ulio nyuma ya mkia, ndege awe na pa kwendea. Nimeona pia kwamba nikijikunja chini kabisa ndani ya boti, jicho langu likawa karibu na maji, ziwa lote huwa la ndege na mimi nikawa mgeni.

Ugeni huo ndio unaonirudisha Naivasha kila mwaka. Furukombe akiacha kutazama maji akaanza kututazama sisi, mzee hasemi kitu. Huchukua kasia akaturudisha nyuma taratibu, nami hushusha kamera mapajani.