Wanaotenga Maji Mawili

Kolwezi, nchini Kongo, ni mji wa shaba na kobalti, lakini anayetaka kujua mgodi unaishi vipi na aanze na maji. Shimo la KOV lina madini ambayo dunia nzima inayatamani, na bado lilikaa miaka mingi limezama, baada ya kampuni ya taifa ya Gécamines kudhoofika katika miaka ya 1990. Ilibidi likaushwe kwanza ndipo wachimbaji warudi. Mei 2025 ardhi ilitikisika chini ya mgodi wa Kakula, magharibi ya mji, maji yakafurika mahandakini, na mmoja wa migodi ya kisasa kabisa katika mkoa wa Lualaba ukasimama kusubiri pampu.

Watu wa pampu, wa chokaa na wa klorini ndio ninaotaka kuwasifu hapa. Wenzao wanahesabiwa kwa tani. Wao wanashika maji mawili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni maji ya kiwandani, yaliyokwisha kulewa tindikali ya salfa. Hayo yanapaswa kuzunguka humo humo, yasitoke nje hata kwa mvua ya Januari. Ya pili ni maji ya kunywa, yanayopaswa kutoka na kufika: kambini, jikoni, zahanati, na mara nyingi kwa majirani walio nje ya uzio. Chini ya miguu yao iko dolomiti, mwamba wenye nyufa na mapango ambamo maji hupita apendavyo Mungu. Kinachovuja leo kwenye bwawa la topesumu kinaweza kuibuka kisimani kwa mtu baada ya misimu kadhaa.

Ugumu wa kazi hii, na uzuri wake, ni kwamba macho hayasaidii. Masika yakikolea, mto Lualaba hushuka na rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akiambiwa kwamba maji yake yanaweza kunyweka, hucheka. Lakini maji hayo yanatibika, tena kwa dawa za kawaida. Maji ya kuogopwa ni yale yaliyotulia kando ya kiwanda, angavu mpaka unaona kokoto chini. Yamekuwa hivyo kwa sababu tindikali imeua kila kilichokuwa kinaishi humo, na metali zimeyeyuka, hazionekani. Mafundi wazee huwafundisha vijana jambo hilo kabla ya yote: “Macho inadanganya, mudogo. Pima.”

Basi tumtazame mmoja anavyopima. Asubuhi baada ya mvua kubwa, maji ya mto yameingia na tope jipya, na kiasi cha shabu kilichotosha jana hakitoshi leo. Fundi anapanga bilauri sita za maji yale yale, anatia shabu kidogo katika ya kwanza, ya pili zaidi kidogo, hivyo hivyo mpaka ya sita. Vikorogeo vinazunguka kwa kasi dakika moja, kisha polepole sana, kwa sababu tope linaloanza kushikana likikorogwa kwa nguvu huvunjika tena. Halafu mashine inazimwa, naye anasubiri. Katika bilauri ya tatu vinyuzi vyeupe vinaanza kuonekana, vinanenepa, vinazama. Katika ya sita, yenye dawa nyingi kuliko zote, maji yamebaki na ukungu. Nimeona watu wakishangaa hapo. Wao walidhani dawa ikizidi ndiyo usafi unazidi. Fundi anachagua ya tatu, anaandika daftarini, anakwenda kurekebisha mtambo.

Upande wa kiwandani mkono unaotawala ni wa chokaa. Maji makali yanapotiwa maziwa ya chokaa, pH hupanda na kila metali huachia kwa zamu yake: chuma mapema, shaba baadaye, kobalti ikikaribia 8 na kupita, na manganisi mwisho, juu ya 9. Ukiishia njiani, unatoa maji yasiyo na shaba lakini bado yana kobalti. Na chokaa ikikutana na salfeti inazaa jasi, ambayo hugandia mabomba na, vibaya zaidi, hugandia elektrodi ya kupimia. Elektrodi iliyovaa ganda la jasi haizimi wala haipigi kengele. Inaendelea kutoa namba, tena nzuri. Fundi makini haridhiki na kioo cha mtambo. Anachota kwa mkono, anapima kwa kifaa kingine, na namba mbili zisipokubaliana anaing'oa elektrodi kuiosha. Kwangu mimi, ufundi wote umo katika kitendo hicho.

Ukanda huu unajua gharama ya kukosa watu kama hao. Tangu miaka ya 1950 mabaki ya uchenjuaji yalimwagwa katika bonde la mto Musonoi, na leo kampuni ya Metalkol inayachimba upya ili kutoa shaba na kobalti zilizobaki humo. Biashara hiyo inaonyesha ni utajiri kiasi gani ulikuwa ukisukumwa na maji kila siku. Mwaka 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalichapisha ripoti ambamo wanavijiji walio karibu na migodi walieleza magonjwa ya ngozi, maradhi ya wanawake na samaki waliopotea mitoni. Hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayeweza kuziba kwa bilauri sita uamuzi mbaya uliotolewa ofisini. Lakini yeye ndiye wa kwanza kuujua, kwa kuwa unamfikia kama namba.

Katika maji ya kunywa namba hizo ni chache na zinajulikana. Klorini ikae na maji angalau nusu saa, ibaki miligramu 0.5 kwa lita. Na kwenye bomba la mbali kuliko yote isipungue 0.2. Ndiyo maana fundi mwema hapimi mtamboni peke yake. Anakwenda mpaka mwisho wa bomba, pale akina mama wanapopanga bidoni zao, anatia dawa katika kichupa na kungoja maji yageuke waridi. Waliopanga foleni humtazama kwa kimya. Kipindupindu kwao si habari ya redioni.

Na hapo penye bomba ndipo ningetaka namba zibandikwe, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, kila juma: klorini, pH, shaba, kobalti, tarehe, na sahihi ya aliyepima. Sasa zinalala katika daftari la zamu na katika taarifa zinazopelekwa mbali. Mafundi wanazo tayari, na anayekunywa anastahili kuzisoma kabla ya mkurugenzi.