Mugumo, Kupe na Barua: Kuzinduka Kimazingira katika Unbowed

Tawasifu ya Wangari Maathai, Unbowed (2006), imezoeleka kusomwa kama hadithi ya ushujaa. Usomaji huo si potofu, lakini unafunika jambo linaloipa kazi hii uzito wake, yaani jinsi ufahamu wa mazingira unavyomjia mtu polepole na kumfikisha hatimaye kwenye mlango wa serikali.

Karibu na kwao Ihithe, Nyeri, palikuwa na mugumo. Mama anamkataza mtoto kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando yake pana kijito, na mtoto hutamani kuyavaa mayai ya vyura kama shanga. Kila akiyainua yanamponyoka. Hapa msimulizi ana uaminifu ulio adimu katika tawasifu: hamvishi mtoto hekima ya mtu mzima. Kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba na kuyafikia maji analijua baadaye sana, wakati mti umekwisha kukatwa ili chai ipate nafasi na kijito kimekauka. (Mfasiri atakayeandika “mkuyu” na ajihadhari. Katika Kikuyu, mũkũyũ ni mti mwingine, na mwiko ulio mhimili wa sura hii utakuwa umehamishiwa mti usiohusika.)

Wala hakuna wito wa mbinguni unaomwingiza katika harakati. Ni kupe. Akiwa mtafiti wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, anakwenda mashambani kukusanya kupe, akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Miche saba iliyopandwa tarehe 5 Juni 1977 ina asili yake humo.

Sehemu iliyosukwa vizuri kuliko zote ni ile ya mwaka 1989, kuhusu jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Silaha ya mhusika mkuu ni barua anazoziandikia ofisi moja baada ya nyingine. Bungeni anajibiwa kwa kejeli juu ya wanawake waliotalikiwa. Swali lilihusu bustani, jibu likahusu ndoa. Na msimulizi anaiacha tofauti hiyo ijieleze yenyewe.

Kasoro inajitokeza mwishoni. Baada ya kuchaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002 na kuteuliwa Waziri Msaidizi wa Mazingira mwaka 2003, simulizi inakwenda mbio. Aliyekuwa akiziandikia ofisi sasa ana ofisi yake, lakini msomaji haonyeshwi barua ya raia ikifunguliwa mezani pake, wala sababu za baadhi ya barua kukosa majibu. Pengo hili si dogo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka Serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi. Msomaji anayetaka kuidai haki hiyo anahitaji kuijua meza ile kwa ndani, na kati ya waandishi wetu wa tawasifu ni wachache waliokuwa na nafasi kama yake ya kuieleza.