Simu Isiyo na Waya: Ni Nani Anayevipa Vitu Vipya Majina?

Imekuwa desturi ya wahakiki wa lugha, kila linapozuka jambo jipya la kiufundi, kuuliza kama Kiswahili kinao msamiati wa kutosha kulieleza. Swali hilo si baya, lakini historia imekwisha kulijibu. Makala haya yanakusudia kuuliza jingine: ni nani anayevipa vitu vipya majina, na kwa faida ya nani? Kumpa mgeni jina ni hatua ya kwanza ya kumzoea; kwa hiyo majina ni ushahidi wa jinsi watu walivyokabiliana na mageuzi yaliyowajia kwa kasi.

Tuanze na wasemaji wenyewe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na chombo kilichopita juu yake kikaitwa gari la moshi, yaani watu walitaja kile walichokiona. Injini za mvuke zimekwisha kuondoka, na tangu mwaka 2017 reli mpya inaunganisha Mombasa na Nairobi, lakini garimoshi limebaki garimoshi. Vivyo hivyo neno simu, lenye asili ya Kiajemi, lilimaanisha waya. Likahamia kwenye ujumbe uliopita katika waya huo. Kisha telefoni ikawa simu ya mdomo, na mawasiliano yasiyo na waya yakawa simu ya upepo. Leo simu imo mfukoni, haina waya, wala hapana msemaji anayeona kasoro. Neno la zamani limebeba mzigo mpya pasipo kuvunjika.

Wa pili ni wataalamu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imefanywa kwa bidii, na huku Kenya waandishi na walimu nao wamechangia. Matokeo yake hayalingani. Barua pepe imekubalika kwa urahisi, kwa sababu imejengwa juu ya barua, kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari. Tarakilishi imepata makao katika vitabu vya shule na taarifa za habari za Kenya, ilhali ofisini na madukani husemwa kompyuta. Rununu ina hali iyo hiyo: mwanafunzi huiandika katika insha, kisha akitoka darasani huomba simu.

Wa tatu ni mfanyabiashara, na hapa ndipo penye shaka yetu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, ilifuatwa na msururu wa majina yaliyochotwa katika hazina ya Kiswahili. Msemaji aliyeishiwa na muda wa maongezi hukopeshwa, kwa ada ya asilimia 10, chini ya jina Okoa Jahazi. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo, naye akatozwa ada.

Tukiyapima majina haya kwa kipimo cha ufundi, hatuna budi kuyasifu. Jahazi na shwari ni maneno ya bahari, na leo yanatamkwa na watu ambao hawajapata kuiona bahari. Yamefaulu pale ambapo istilahi nyingi za wataalamu zimeshindwa. Lakini tuyapime pia kwa maana. Gari la moshi lilionyesha moshi. Okoa Jahazi haionyeshi deni, bali inamfanya mkopeshaji kuwa mwokozi, na mkopaji kuwa nahodha aliyepatwa na dhoruba. Shwari ni utulivu wa bahari, ilhali mwenye deni hatulii. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kusita. Sasa watu husema "nimefuliza" wakimaanisha kwamba wamekopa, na neno lenyewe linawahimiza wasisite.

Huenda mtu akadai kwamba wasemaji si wajinga, nao wanajua wanachokifanya. Ni kweli. Lakini hao hao ndio warithi wa methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga, ambayo inaziweka pande zote mbili za deni katika kauli moja. Jina jipya limeuacha upande wa furaha na kuufuta ule wa matanga.

Ni juu yetu, basi, kufanya mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu ziiandike maana mpya ya kufuliza bila kuipamba, zikitaja mkopo na ada. Pili, mafunzo ya istilahi vyuoni yasiishie katika kubuni maneno ambayo hayatumiki, bali yafundishe pia kuyahakiki yale yanayotumika kila siku. Maneno deni, riba na rehani yangalimo katika lugha. Yawekwe mbele ya wanafunzi kando ya shwari na jahazi.